Mafuta na Uzi wa Kioo

Homa Bay, 11 Februari 2024

Kaka yangu Zablon,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyeniamsha leo, wewe na wifi yangu Bitutu na wote walio hapo bomani, hata yule mbwa asiyenipenda. Mimi ni mzima. Nilifika salama, mizigo yote ikafika, na chumba nimepata kwa mama mmoja anaitwa Akeyo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye jina langu halimkai kinywani kwa hivyo ananiita nyar Migori, yaani binti wa Migori. Ukisikia mtu anaitika jina hilo huku, ujue ni dadako.

Najua watu wanashangaa kwa nini mimi na wewe bado tunaandikiana kwa karatasi. Lakini mara ya mwisho nilipokupigia simu ulinijibu "Amina" kwa kila neno, hata nilipouliza kama ng'ombe wangu amezaa. Baruti za machimbo ya dhahabu ya Osiri zilikula masikio yako, na meseji zako zinasomwa na kila anayepita karibu na hiyo simu. Karatasi ni yetu wawili. Ng'ombe amezaa? Usinijibu Amina.

Sasa kazi. Ulitaka nikueleze, na ulisema nisikufiche kwa maneno ya kizungu, basi nitajaribu. Kuna kitu kinaitwa faiba. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele wa mtoto, na mwanga unapita ndani yake kama maji kwenye bomba. Uzi huo hutoka kiwandani umevishwa plastiki. Injinia Nyamongo, mwenye karakana, anatengeneza vipimo vya joto vya kuwekwa ndani ya zile boila kubwa za viwanda vya chai. Huko plastiki inaungua mara moja. Kwa hivyo kazi yetu ni kuuvua ule uzi nguo yake ya plastiki, kuuogesha kwa spiriti, kuuchovya kwenye dawa inayoupaka utando wa fedha, fedha ile ya pete, halafu kuulaza kwenye beseni la nikeli lenye stima kidogo, yaani umeme. Nikeli inakuja polepole, inaukumbatia. Ukiutoa, kwa nje ni chuma, kwa ndani ni kioo, na mwanga bado unapita. Siku ya kwanza niliuona, kaka, nilisimama nikasema Mungu wangu, na mimi unaniruhusu nifanye haya?

Tuko wawili. Osoro, kijana wa Kisii, ndiye anayechanganya dawa na kulinda beseni. Mimi ndiye wa kuvua na kuogesha. Injinia alinichukua kwa sababu mke wake nilikuwa namsuka kule mjini Oyugis, akamwambia mumewe kwamba mikono yangu inaweza kushika unywele mmoja bila kuukata. Unajua vile kibanda changu cha ususi kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Sasa niko kwa majaribio mpaka mwisho wa Juni. Nikifaulu nitaandikwa kazi. Nisipofaulu, sioni ni nani mwingine atamwandika mjane wa miaka hamsini na moja aliyeishia darasa la nane, na mwanangu Ken bado yuko chuo.

Ile chupa ya mafuta uliyonitilia kwenye mkoba niliikuta. Niliona na kile kikaratasi: "Paka mikononi kila asubuhi kabla ya kazi." Napaka, kaka. Sikosi. Mwambie mzee Nyamhanga na kikundi chote cha maombi cha Alhamisi kwamba mafuta waliyoyaombea yako kazini.

Dada yako,
Susana

*

Migori, 2 Machi 2024

Kwa dada yangu Susana, kitinda mimba wa mama yetu,

Salamu nyingi. Sisi tuko. Mvua imeonyesha dalili halafu ikaenda kwa watu wengine. Bitutu anakusalimu, anasema umechukua sufuria yake ndogo, nami nimemwambia sufuria ndogo si kitu cha kuvunja udugu, lakini uirudishe. Ng'ombe wako amezaa, ndama ni jike, ana alama nyeupe kwenye paji kama mtu aliyepakwa unga. Hapo sikusema Amina.

Usicheke huu mwandiko. Meza hii ina mguu mmoja mfupi.

Barua yako niliisoma mara tatu, na ya nne niliisoma kwa sauti mbele ya kikundi. Nilipofika pale pa kioo kinachovaa chuma na mwanga bado unapita, mzee Nyamhanga alisimama akasema hilo ni somo, akahubiri kutoka hapo mpaka chai ikapoa. Sasa kila Alhamisi tunaiombea mikono yako. Tunaitaja kwa jina: mikono ya Susana. Mimi mwenyewe ndiye ninayelishika lile ombi. Mkono ni zawadi, dada. Mtu hajui mpaka... haya, niache hapo.

Osiri siendi tena kwa sasa. Napumzika. Nimefanya kazi ya dhahabu tangu sijaoa, kwa hivyo mtu akiniona nimekaa chini ya ukuta asiseme mimi ni mvivu.

Nimekutumia chupa nyingine ya mafuta, isije ile ikakuishia. Usiogope kuyatumia. Mafuta ya Mungu hayapimwi kwa kifuniko.

Kaka yako,
Zablon

*

Homa Bay, 24 Machi 2024

Kaka Zablon,

Neema iwe kwenu. Nimefurahi sana kwa huyo ndama, na Bitutu asiwe na wasiwasi, sufuria yake iko salama, inanipikia uji. Chupa ya pili ilifika. Akeyo aliponiona nafungua mzigo alisema, "Nyar Migori, kaka yako anafikiri huku hakuna mafuta ya kupikia?"

Leo siandiki mengi. Kazi imepata shida. Nyuzi zinatoka kwenye beseni zikiwa nzuri kabisa, zinang'aa, lakini ukizikunja kidogo tu kwenye kalamu, nikeli inabanduka. Inachambuka kama gamba la kitunguu. Mwezi wa kwanza hatukuona kwa sababu zilikuwa za kujifunza tu, hatukuzikunja. Sasa zile za mteja wa kwanza zimerudishwa zote. Injinia Nyamongo si mtu wa kelele. Lakini jana alisimama mbele ya ule mzigo uliorudi, ameweka mikono kiunoni, mpaka tukaenda nyumbani. Ni kama kuna kitu kinaingia katikati ya kioo na chuma, kinakataza visishikane, na hakuna anayejua ni nini. Osoro amemwaga dawa na kuchanganya upya. Bado.

Alituambia wazi: hawezi kulipa watu wawili kwa kazi inayorudishwa. Kabla ya Juni atajua ni nani wa kubaki.

Niombeeni. Waambie kikundi wakaze.

Susana

*

Migori, 21 Aprili 2024

Dada Susana,

Salamu. Tumekaza.

Tulifunga na kuomba. Chupa hii ni kubwa, unaiona. Yote imeombewa. Sasa usipake asubuhi tu, paka na saa sita. Halafu, bila kuwasumbua watu, chukua kidogo kwa kidole uguse ukingo wa lile beseni la nikeli. Hicho kinachoingia katikati kitatoka chenyewe.

Siandiki zaidi. Meza bado.

Zablon

*

Migori, 12 Mei 2024

Susana,

Mbona kimya? Mzigo ulifika au haukufika? Kikundi kinaniuliza kila Alhamisi. Kama kuna mabaya niambie. Kama kuna mema, kwa nini unaniibia?

Ndama anakua. Mvua imekuja sasa, tena kwa hasira, imebeba choo cha jirani.

Kaka yako anayesubiri,
Zablon

Wifi, ni mimi Bitutu. Umeona mwandiko umenyooka, kwa hivyo umejua si wake. Yeye anasema, mimi naandika. Amekataa nikwambie kwa nini, nami nimeahidi kutokwambia, na ahadi ni ahadi. Lakini hakunikataza kukwambia kwamba meza yetu ina miguu minne iliyo sawa.

*

Homa Bay, 19 Mei 2024

Kaka yangu mpendwa,

Amani kwako na kwa nyumba yako yote. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako ya Aprili ilifika, na chupa ilifika, ila kifuniko kililegea njiani na barua yote ikaloa mafuta. Niliitundika kwenye kamba ya nguo. Jua lilipoipiga, karatasi ilipitisha mwanga kama dirisha, na maneno yako yakaonekana mbele na nyuma kwa pamoja. Niliisoma imening'inia hivyo. Akeyo alipita akauliza kama siku hizi tunaanika barua kama omena.

Sijakujibu mwezi mzima. Nilianza barua mara nyingi na kila mara nikafika kwenye neno "mafuta" nikaacha. Leo nitalipita hilo neno nione kama nitabaki hai.

Nilifanya ulivyoniambia. Asubuhi nikapaka, saa sita nikapaka, na ukingo wa beseni nikaugusa kwa kidole Osoro alipotoka nje. Kaka, mambo yakaharibika kuliko mwanzo. Nikeli ikawa haishiki hata nusu.

Wiki ya kwanza ya Mei, Injinia alituita. Alikuwa na gilasi ya maji safi. Akachukua uzi mpya, akauosha yeye mwenyewe kwa dawa kali, akauchovya na kuuinua. Maji yakauzunguka wote, yakakaa kama ngozi, bila kukatika. Akachukua uzi kutoka kwenye trei yetu, ule ulio tayari kwa kazi. Akauchovya, akauinua. Maji yakajikusanya matone matone, kama yanavyokaa kwenye jani la nduma.

Akasema, "Hapa kuna mafuta. Glavu tunavaa, spiriti tunatumia, na bado kuna mafuta. Yanatoka wapi?"

Nilijua papo hapo. Zile glavu nilikuwa nazivaa kwa mikono iliyopakwa, nazivuta vidole kwa nje mpaka zikae, halafu na vidole hivyohivyo nashika uzi uliokwisha kuogeshwa. Na ile spiriti nilikuwa nachovya humo kitambaa kilekile tangu asubuhi. Nilikuwa nauogesha uzi kwa mafuta yako, kaka.

Lakini Injinia hakuniangalia mimi. Alimwangalia Osoro, kwa sababu Osoro asubuhi na mapema anaendesha bodaboda kabla ya kuja kazini, na pikipiki yake inavuja, na kucha zake daima ni nyeusi. Osoro akaapa kwamba ananawa kwa sabuni mpaka ngozi inawasha. Injinia akasema, "Osoro, mimi sikuhukumu, lakini mafuta hayaji yenyewe. Maliza wiki hii."

Nami nikanyamaza.

Sikunyamaza kwa ubaya. Nilijiambia nitaacha kupaka, nyuzi zitapona, kila kitu kitatulia. Halafu niliona aibu. Ningesemaje mbele ya mtu aliyesoma mpaka ng'ambo kwamba maombi yetu ndiyo yaliyoharibu kazi yake? Angemcheka Mungu, na mimi ndiye ningekuwa nimempa sababu. Na tena kulikuwa na wewe. Ningekuambiaje kwamba kitu ulichofunga na kukiombea ndicho kilichokuwa katikati ya kioo na chuma? Nilizificha chupa ndani ya gunia la unga. Usiku niliposali sikujua niseme nini, nikawa nasema tu majina ya watu.

Ijumaa Osoro alivua ovaroli lake akalitundika. Akaniambia, "Mama Ken, nakuachia beseni. Usilipigie kelele, lina woga." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Mke wake ana mimba, kaka. Wiki nzima alikuwa ananigawia chakula chake cha mchana kwa sababu aliona sili.

Nikasema, "Osoro, vaa ovaroli."

"Nilivae niende nalo wapi?"

"Vaa, unifuate."

Nilikuwa nimebeba chupa kwenye mkoba tangu asubuhi, sijui kwa nini, labda Mungu alijua. Nikaiweka kwenye meza ya Injinia. Akaifungua, akanusa.

"Hii ni ya kupikia?"

"Ni ya maombi, Injinia. Kaka yangu ananitumia. Nilikuwa napaka mikononi ili kazi yako ifaulu."

Osoro alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa analia pia. Injinia hakucheka. Aliuliza taratibu kama daktari:

"Kila siku?"

"Kila asubuhi. Na saa sita, tangu Aprili."

"Na beseni?"

"Beseni niligusa ukingo tu."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Mama Susana, mama yangu angefanya hivyohivyo." Hapo ndipo nilipolia mimi. Lakini hakusema amenisamehe, kaka. Alimrudisha Osoro, akaniambia mimi nikae nyumbani mpaka wasafishe karakana yote na kumwaga dawa zote, halafu ataona. Sijui ataona nini. Nauza omena na Akeyo sokoni huku nikisubiri.

Sasa nimekuambia. Mafuta nimeacha. Usinikasirikie, na uwaombe kikundi wasinione kama mtu aliyekana. Ninachoogopa si kufukuzwa peke yake. Kila asubuhi nilipopaka yale mafuta nilikuwa nahisi mkono wako juu ya mkono wangu, tangu mama alipofariki sijawahi kuhisi hivyo. Sasa nanawa kwa sabuni, mikono imekauka, na sijui nitabaki vipi na maombi yako bila mafuta yako.

Mimi nimefungua langu. Fungua na wewe. Bitutu anaandika kwa niaba yako na meza haina kosa. Mikono yako ina nini, Zablon?

Susana

*

Migori, 2 Juni 2024

Susana dada yangu,

Bitutu ndiye mwenye kalamu, lakini maneno ni yangu yote, nimemkataza kuyapiga pasi.

Kwanza nikuambie nilivyofanya nilipofika pale kwenye gilasi ya maji. Nilipiga paja langu nikapiga kelele, mpaka Bitutu akatoka jikoni akidhani nyoka. Dada! Osiri mtu akinunua karai jipya la kuoshea dhahabu, tunalichoma kwanza motoni, linawaka mpaka linakuwa jeusi, ndipo tunalitia mchanga. Unajua kwa nini? Ni kuondoa mafuta ya kiwandani. Karai lenye mafuta dhahabu hailitaki, inaelea juu ya maji inaenda zake mtoni. Mtu aliyekula chapati na hakunawa hatumruhusu hata kulishika. Nimewafukuza watu wazima kwenye karai langu kwa sababu ya chapati! Halafu ni mimi huyohuyo nakutumia chupa ya lita. Niliona neno nikeli, neno faiba, nikadhani ni mambo ya mbali. Kumbe ni karai tu.

Sijakasirika. Niliwasomea kikundi Alhamisi. Mzee Nyamhanga akasema, "Basi Bwana ametujibu. Tuliomba kinachoingia katikati kitoke, na kimetoka." Halafu akaanza kucheka mzee yule, akakohoa, akapewa maji. Hakuna aliyesema umekana. Walisema Osoro aongezwe kwenye maombi, pamoja na mkewe na hiyo mimba.

Sasa lile uliloniuliza.

Ilianza mwaka jana kwa kumwaga chai. Nikasema kikombe kina sikio baya. Halafu vifungo vya shati. Halafu kalamu. Mikono yangu inatetemeka, Susana, na haiachi, ila ninapolala. Nilienda hospitali, daktari akaniuliza nimefanya kazi gani, nikamwambia. Akauliza, ulikuwa unachoma zebaki kwa mkono? Nikamwambia sasa nani angenichomea? Unakumbuka tulivyofanya, dhahabu na zebaki vinashikana donge moja, unaliweka kwenye kijiko juu ya jiko, zebaki inakwenda na moshi, dhahabu inabaki. Mimi nilikuwa nainama juu ya kile kijiko nikisubiri ing'ae. Moshi wote ule nilikuwa nauvuta. Daktari anasema huo ndio uliokaa mwilini. Nisirudi Osiri kamwe. Dawa kuna za kujaribu, lakini hakuniahidi.

Sikutaka ujue. Ulikuwa unaenda mahali pa kutafuta maisha kwa mikono, ningekuambiaje kwamba yangu imeondoka? Bitutu ananilisha uji, Susana. Hapa amesita kuandika, nimemwambia aandike.

Ndiyo maana nilikazana na yako. Nilipokuwa nashika lile ombi la Alhamisi nikisema mikono ya Susana, mikono ya Susana, mtu asingejua, lakini nilikuwa naiangalia yangu pale gotini. Nilisema, Bwana, kama nyumba yetu imebakiwa na mikono miwili iliyotulia, basi hiyo uilinde. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya chupa.

Sasa usiache maombi kwa sababu ya nikeli. Nimefikiria sana jambo hili. Kule ndani mnavaa gambuti, vile viatu vya mpira, sivyo? Basi paka miguuni. Asubuhi, kabla ya soksi. Miguu haishiki faiba. Na ukikumbuka vizuri, yule mama aliyeleta chupa ya manukato mbele ya Bwana hakuimwaga mikononi, aliimwaga miguuni, na hakuna aliyekumbukwa kwa wema kuliko yeye. Paka miguuni, halafu nawa mikono kwa sabuni mpaka iwe mikavu kama karai lililochomwa, na uende kazini. Kama ataniuliza mtu, mimi ndiye nimesema.

Injinia akikuita au asikuite, wewe ulimvika Osoro ovaroli. Mimi hilo linanitosha kusimama nalo kanisani.

Chini hapa nimeandika jina langu mwenyewe. Limechukua muda. Usilicheke.

Z a b l o n

*

Homa Bay, 30 Juni 2024

Kaka yangu Zablon,

Ahimidiwe Bwana anayesikia hata wasiosikia. Salamu kwa wifi yangu Bitutu, na umwambie atulize kalamu yake, nina maneno yake pia.

Jina lako sikulicheka. Nimelikata nikalibandika ukutani juu ya kitanda. Akeyo aliuliza ni picha ya milima ya wapi. Nilimwambia ya kwetu.

Injinia aliniita siku kumi baada ya barua yako. Hakuniketisha. Aliniambia, "Nawa." Nikanawa mbele yake mpaka kwenye viwiko. "Vaa glavu kwa njia ninayokuonyesha." Akanionyesha, unazishika kwenye mkunjo tu, vidole vya nje havigusi chochote. Nikavua uzi, nikauogesha kwa spiriti mpya na kitambaa kipya. Osoro alikuwa amesimama mlangoni na mikono nyuma kama mtu anayesubiri mwanawe azaliwe. Nikauchovya uzi kwenye gilasi, nikauinua.

Maji yalishika, kaka. Yote. Hayakukatika popote. Uzi ulisimama umevaa maji kama ngozi ya pili.

Ukaenda kwenye fedha, ukaenda kwenye nikeli, na asubuhi yake Injinia akaukunja kwenye kalamu. Akaukunja tena. Akauzungusha kidoleni mwake kama pete, akaukunjua. Hakuna kilichobanduka. Akawasha taa upande mmoja na upande wa pili akaniambia, "Angalia." Kulikuwa na nukta moja ya mwanga, ndogo kama tundu la sindano, inatoka katikati ya chuma. Nilimwambia kwamba mzee wetu wa maombi angeliona hili angehubiri mpaka chai ipoe.

Jana ameniandika. Mimi na Osoro, wote wawili. Mke wa Osoro amejifungua mtoto wa kike, na Osoro anasema angemwita Faiba kama mama mkwe asingekataa. Injinia ameweka sheria mpya ukutani kwamba hakuna mafuta ya aina yoyote ndani ya karakana. Nilimwendea nikamwambia ukweli, sitaki kuficha tena, kwamba miguuni nimepaka, ndani ya soksi, ndani ya gambuti. Alifikiri sana. Halafu akachukua kalamu akaongeza: "juu ya magoti." Kwa hivyo maombi yako, Zablon, yanaruhusiwa kisheria mpaka hapo. Miguu yangu haijawahi kuwa laini hivi tangu niolewe.

Sasa nisikilize. Ile chupa ya lita imebaki zaidi ya nusu. Sitaimaliza kwa miguu hata nikiishi miaka mia. Nimepewa wiki ya likizo kuanzia tarehe sita Julai, na nakuja. Sufuria ya Bitutu naileta. Bitutu, utapumzika kulisha mtu uji, kazi hiyo nitaifanya mimi, na wewe utakaa chini uone vile inavyokuwa kuletewa chai.

Na chupa naileta. Ulikuwa unaomba kwa ajili ya mikono isiyokuwa yako, na hakuna hata mtu mmoja Alhamisi aliyejua aiombee yako. Nimemwandikia mzee Nyamhanga, sasa anajua. Usinikasirikie kwa hilo, au nikasirikie, nitakuja hata hivyo.

Utaketi pale ukutani kwenye jua, utanipa mikono yako yote miwili. Itatetemeka, najua. Nitaipaka yale mafuta polepole, kila kidole, mpaka chupa iishe, na tutakuwa hatuna haraka. Daktari hakuahidi, na mimi pia sitaahidi kitu. Lakini mikono yako haishiki faiba wala karai tena, kaka, kwa hivyo hakuna sheria hata moja inayoizuia kupakwa.

Nisubiri. Mfunge yule mbwa.

Susana wako